Ukinaswa Mchezoni, Saa Haisimami



Leo nataka kuzungumza juu ya sinema. Najua wapo watakaosema kuwa huyu bwana amekosa la kusema. Yapo mambo ya mahindi ya soko la Kibaigwa, yapo ya zabibu, yapo ya maji ya mitaani kwetu, naye anatuletea habari za sinema! Nakuomba unipe muda kidogo. Sinema hii ilizua ubishi mkubwa nyumbani kwangu, na katika ubishi ule nilijifunza jambo ambalo naona si halali kulinyamazia.

Ilikuwa Jumamosi jioni, hapa Dodoma mjini. Watoto walikuwa wameketi mbele ya televisheni wakiangalia Jumanji, ile ya vijana wanne wa sekondari wanaomezwa na gemu. Sebuleni alikuwamo mama yangu mzazi, aliyekuja kututembelea kutoka Kongwa. Alikuwamo pia mzee mmoja jirani yetu, mstaafu wa idara ya wanyamapori, ambaye watoto wote wa mtaani humwita babu. Sinema ilipokwisha kila mtu alitoa hukumu yake. Binti yangu wa kidato cha tatu alisema ni sinema nzuri kuliko zote alizoziona mwaka ule. Babu jirani akasema ni uongo mtupu. Mama yangu, ambaye Kiingereza hakijui hata neno moja, alitutazama akasema, "Hii mbona ni hadithi ya zimwi na ngoma? Mimi niliwasimulia ninyi mkiwa wadogo."

Nitaanza na sinema yenyewe, maana huenda wapo ambao hawajaiona. Mwaka 1981 mwandishi na mchoraji wa Kimarekani, Chris Van Allsburg, alitoa kitabu cha picha cha watoto kiitwacho Jumanji. Mwaka 1995 kitabu hicho kikafanyiwa sinema, mhusika mkuu akiwa Robin Williams, yule mwigizaji mashuhuri aliyefariki mwaka 2014. Katika sinema hiyo kijana Alan Parrish anacheza mchezo wa ubaoni mwaka 1969, na ule ubao unamvuta ndani. Anakaa humo miaka 26. Watoto wengine wanapokuja kuutupa dado mwaka 1995 ndipo anapotoka, mtu mzima mwenye ndevu, amevaa majani.

Hiyo ya kwanza niliiona nikiwa mwanafunzi wa sekondari, katika kibanda cha video. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994 tu, na wengi wetu hatukuwa nayo nyumbani. Tulibanana kwenye mabenchi mbele ya deki moja, tukitazama kaseti iliyochoka, picha inakatika mistari. Nilikuwa nimeangalia nusu tu umeme wa mgawo ukakatika. Hapakuwa na genereta, na mwenye kibanda hakurudisha hela. Kwa hiyo, mpenzi msikilizaji, kwa miaka mingi Alan Parrish wa kichwani mwangu hakufika kwao. Alibakia pale pale umeme ulipomkatia.

Ile waliyokuwa wakiiangalia wanangu ni ya Desemba 2017. Iliongozwa na Jake Kasdan, wakaigiza Dwayne Johnson, Jack Black, Kevin Hart na Karen Gillan, na ilikusanya zaidi ya dola milioni 900 duniani kote. Wanafunzi wanne wanapewa adhabu ya kusafisha chumba cha chini cha shule. Wanakuta mashine kuukuu ya gemu, wanaiwasha, kila mmoja anajichagulia mhusika, mara wote wanavutwa ndani. Huko wanajikuta katika miili ya wale waliowachagua. Spencer, mvulana mwoga anayeogopa hata vumbi, amekuwa jitu la misuli. Fridge, mchezaji mpira mwenye mwili mkubwa, amekuwa mfupi wa kubeba begi la mwenzake. Martha, msichana mwenye haya, amekuwa mwanamke hodari wa kupigana. Na Bethany, mrembo asiyeweza kuiweka simu chini, amekuwa profesa mnene wa makamo mwenye ndevu! Kila mmoja amepewa maisha matatu. Yakiisha yote, hakuna kurudi.

Sasa tuje kwenye hukumu, tuanze na ya mzee wetu. Alisema, "Mwanangu, mimi pori nimelilala. Pori hilo halipo duniani." Na kweli. Kito wanachokirudisha wale vijana ni jicho la sanamu ya jaguar, na jaguar ni mnyama wa bara la Amerika peke yake. Lakini kwenye pori hilo hilo wamo vifaru, viboko, tembo na koboko, nyoka wetu wa Afrika. Picha zenyewe nyingi zilipigwa Hawaii, visiwani katikati ya bahari ya Pasifiki. Ni kama mpishi aliyetia kila kitu katika chungu kimoja.

Mzee aliendelea kueleza kuwa pori lake yeye, la Rungwa na la Swagaswaga, si msitu wa kijani unaodondosha maji. Ni nyika ya miiba, mibuyu na vumbi jekundu, ambako unaweza kutembea kutwa nzima ukitafuta tone la maji. Kifaru anayewakimbiza vijana wale kwa makundi, yeye katika ujana wake alimwona akitoweka. Ujangili wa miaka ya sabini na themanini ulikaribia kummaliza kabisa nchini, na leo hulindwa kwa bunduki katika sehemu chache kama Ngorongoro, Serengeti na Mkomazi. Hukumu ya mzee, kwa upande huo, naikubali. Kwa watengeneza sinema wa mbali pori ni mahali pa hofu na vioja. Sisi tunaoishi kando yake tunajua kuwa tembo anayeingia shambani usiku si kioja, ni njaa ya mwaka mzima.

Hata hivyo yapo mawili ambayo mzee aliyacheka kwa kuwa ni ya kweli. La kwanza ni kiboko. Bethany anasimama kando ya maji dakika chache tu baada ya kuingia mchezoni, na kiboko anammeza maisha yake ya kwanza. Mvuvi yeyote wa bwawa la Mtera atakwambia kuwa kiboko si wa kuchezea. La pili ni mbu, na hilo nitalirudia baadaye, maana ndilo moyo wa hadithi nzima.

Hukumu ya pili ni ya binti yangu. Nilimuuliza kilichompendeza ni nini, nikidhani atanitajia helikopta na vifaru. Akasema, "Baba, ni kwamba yule mwenye misuli bado anaogopa." Jibu hilo lilinifanya nifikiri. Spencer amepewa mwili ambao orodha yake ya udhaifu ni tupu, lakini moyo aliouingiza ni ule ule wa nyumbani. Mwili umebadilika, mwenyewe hakubadilika. Inamlazimu ajifunze ujasiri kama mtu mwingine yeyote, kidogo kidogo na kwa kuumia. Na yule Bethany, aliyenyang'anywa uso wake na simu yake, ndiye wa kwanza kuanza kuwaangalia wenzake na kuwaona. Kijana wa kileo, ambaye kutwa anatazama picha za watu walio wazuri kuliko yeye na matajiri kuliko yeye, anahitaji sana kusikia kuwa hata akipewa sura ya mwingine atalala na kuamka na moyo wake mwenyewe.

Lakini kuna jambo ambalo si mzee wala binti aliyelitaja, na mimi ndilo lililonikosesha usingizi. Jambo hilo ni saa.

Sinema ya 2017 haianzi na hao vijana wanne. Inaanza mwaka 1996, na kijana mwingine aitwaye Alex. Baba yake anauokota ule ubao wa zamani ufukweni, anamletea zawadi. Alex anautazama kwa dharau. Nani siku hizi anacheza michezo ya ubaoni? Anauweka kando, anaendelea na gemu zake za kwenye televisheni. Usiku ule ngoma zinalia chumbani, na ule ubao unajigeuza wenyewe ukawa kaseti ya gemu. Asubuhi Alex hayupo.

Tafadhali lipime jambo hilo. Mtego ulipoona mtoto wa 1996 hataki ubao, ukavaa sura anayoitaka. Ukienda mbele kidogo, kwa watoto wetu wa leo, utavaa sura gani? Nadhani jibu liko mfukoni mwako. Sisi tulikua tukiwaona wazee wanacheza bao na drafti chini ya mwarobaini, na wapo waliosahau hata shamba kwa sababu ya bao. Kisha zikaja gemu za vibandani. Zikaja mashine zile za dubwi, zinazomeza sarafu ya mtoto aliyetumwa sukari, ingawa sheria inakataza mwenye umri chini ya miaka 18 kucheza kamari. Ikaja simu, na mikeka ya kubashiri mpira ndani ya simu. Jina linabadilika na sura inabadilika, lakini ngoma inayolia usiku ni ile ile.

Sasa wale wanne wanapoingia mchezoni wanamkuta Alex humo ndani. Na yeye anawaeleza kuwa amekaa muda kidogo, miezi michache hivi. Wanamwuliza maswali, anajibu mambo ya 1996, nao wanatazamana. Miaka ishirini imepita! Nje huku nyumba yao imechakaa na baba yake amezeeka kwa simanzi, hata watoto wa mtaani huiogopa nyumba hiyo. Ndani ya mchezo yeye ameona miezi.

Mpenzi msikilizaji, hapo nilimkumbuka mpwa wangu.

Mtoto huyu wa dada yangu alikuja kukaa kwetu mwaka 2019 ili asome sekondari hapa mjini. Alikuwa mpole, mwenye akili, na kila asubuhi nilimpa hela ya nauli na ya chakula. Muhula wa pili mwalimu wa darasa akaniita. Kumbe mtoto alikuwa hajaonekana darasani kwa wiki nyingi. Nilimtafuta hadi nikampata saa tatu usiku, katika kibanda kimoja cha gemu, ameshika pedi, macho mekundu, sare ya shule imefichwa chini ya fulana. Nilipomgusa bega aligutuka, akanitazama kama mtu aliyeamshwa. Akaniambia, "Mjomba, nimeingia sasa hivi tu."

Alikuwa humo tangu saa mbili asubuhi. Na nakuapia hakuwa ananidanganya. Yeye aliamini kuwa ameingia sasa hivi.

Wakati ule sikuelewa. Nilifoka, nikatisha, nikamnyima nauli, nikaenda kugombana na mwenye kibanda. Matokeo yake mtoto alianza kwenda kibanda kingine, mbali zaidi, kwa miguu. Nilikuwa napiga ngoma kwa fimbo, wala sikujua kuwa aliye ndani ya ngoma ni mtoto wetu.

Hapa ndipo inapoingia hukumu ya tatu, ya mama yangu. Hadithi ya zimwi na ngoma wengi mnaijua, kila mmoja kwa namna ya kwao. Wasichana walikwenda mtoni, mmoja akasahau shanga zake juu ya jiwe. Akarudi peke yake kuzichukua, akamkuta zimwi. Zimwi likamtia ndani ya ngoma, likaanza kuzunguka nayo kijiji hadi kijiji. Kila likipiga, msichana huimba kwa uchungu, na watu hucheza na kulilisha zimwi vinono, wakistaajabia ngoma yenye sauti tamu. Hakuna aliyeuliza sauti hiyo ni ya nani. Hadi zimwi lilipofika kijiji cha wazazi wa yule binti. Mama mtu alikuwa jikoni, akasikia, akaacha mwiko. Akasema, sauti hiyo naijua. Wakalilewesha zimwi pombe, wakamtoa mtoto, ngoma wakaijaza nyuki.

Katika Jumanji nako mchezo huwaita watu kwa sauti ya ngoma. Mwenye kutunga huenda hakuwahi kuisikia hadithi yetu, lakini mama yangu aliitambua mara moja. Tena yeye alikuwa na sababu ya kuitambua, kwa sababu ndiye aliyemtoa mpwa wangu.

Aliposikia habari zake alipanda basi kutoka Kongwa na mfuko wa karanga. Hakumgombeza mtu. Alasiri ya siku ya kwanza akauliza kibanda kiko wapi, akaenda, akaomba kigoda, akaketi nyuma ya mjukuu wake. Akamwita kwa jina la utotoni, jina ambalo pale hapakuwa na mwingine aliyelijua. Akamwambia, "Nifundishe, na mimi nione." Kijana aliona aibu, lakini angefanyaje? Bibi ni bibi. Akamweleza huyu ni nani na yule anafanya nini. Bibi anamenya karanga, anauliza, anacheka, na magharibi ikiingia anasema, "Jua limekuchwa, mjukuu wangu, twende tukale." Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu bibi alisema mguu unamuuma, hawezi kwenda. Mpwa wangu alibakia nyumbani akimkanda mguu, wakazungumza hadi usiku. Alimweleza ambayo mimi sikuwahi kumwuliza: kwamba darasani alikuwa haelewi hesabu, kwamba wenzake walimcheka kwa lafudhi yake, na kwamba kibandani alikuwa bingwa, watu wanamjua.

Yaani nje alikuwa Spencer, na kule ndani alikuwa yule mwenye misuli. Nani angependa kutoka?

Sasa nitimize ahadi yangu ya mbu. Katika sinema kila mhusika ana udhaifu wake. Alex, rubani shupavu, udhaifu wake ni mbu. Vifaru amewapita, lakini mbu mmoja anamwuma, naye anaanguka na kuanza kufa, na hayo ndiyo maisha yake ya mwisho. Sisi wa nchi ya malaria tunacheka kwanza, kisha tunanyamaza, kwa kuwa tunajua ni kweli. Ndipo Bethany, yule yule aliyekuwa hawezi kuachana na simu, anapompulizia pumzi kinywani na kumpa maisha yake moja. Limekatwa katika hesabu yake, likaongezwa katika ya Alex. Hakuna namna nyingine ya kumwokoa. Ili aliyenaswa atoke, lazima aliye karibu naye atoe kitu cha kwake mwenyewe.

Mama yangu alitoa siku tatu, na za mkulima katika msimu wa kazi. Mimi nilikuwa nimetoa kelele tu, na kelele hazinigharimu kitu.

Kwa hiyo nasema sinema hii ni nzuri, na watoto waiangalie. Lakini lipo jambo moja ambalo imewadanganya, na ni wajibu wetu wakubwa kuwaambia. Mwishoni, mchezo ukiisha, Alex anarudishwa mwaka ule ule wa 1996, kijana vile vile, anaishi maisha yake kana kwamba hakupotea hata siku moja. Sinema ya 1995 nayo ilifanya hivyo hivyo, Alan akarudishwa 1969 akamkumbatia baba yake. Inapendeza kuona, na nadhani wengi wetu tunalia hapo kwa sababu tunajua kuwa duniani haiko hivyo. Mpwa wangu alitoka, lakini alirudia darasa. Wenzake walimtangulia, naye alimaliza nyuma yao. Mwaka ule hakuna aliyemrudishia, si mimi, si mwalimu, si mwenye kibanda.

Fridge katika sinema anamwambia Spencer jambo la maana, pale maisha yanapowabakia moja moja na Spencer anataka kukata tamaa. Anamkumbusha kuwa hata nyumbani mtu hakuwahi kuwa na zaidi ya moja. Mzazi, mwambie mwanao maneno hayo, lakini usiishie kuyasema ukiwa umesimama mlangoni na fimbo. Ingia, uliza mchezo huo unachezwaje. Uliza pia ni kitu gani huku nje kinamfanya aone kule ndani ni afadhali. Kama ni hesabu, mtafutie wa kumfundisha. Kama ni upweke, kaa naye. Na ukiona mashine ya kamari imezungukwa na watoto wa shule, usipite ukitikisa kichwa. Mwenyekiti wa mtaa yupo, na sheria ipo.

Na sisi watu wazima tusijifanye tuko nje ya ngoma. Wiki iliyopita binti yangu alinigusa bega nikiwa na simu mkononi, chakula kimepoa mezani. Nilimjibu, nadhani mmekwisha kubahatisha, "Nimeshika sasa hivi tu, mwanangu."

Alitazama saa ya ukutani, wala hakusema neno.